Hodi Mlango kwa Mlango: Seli T na Kinga Tuliyonayo

(Haya niliyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa, hapa Moshi, mbele ya wanavikundi vya kuweka na kukopa, wazazi na wanafunzi wa sekondari. Waliokosa kufika waliyaomba, nami nimeyaandika yote kama yalivyotoka.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu na baba zangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliokaa kule mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Nina swali moja kabla sijaanza. Mtu akikwambia "kinga ya mwili", wewe unaona nini kichwani? Nimewauliza watu wengi swali hili, na jibu ninalopewa karibu kila mara ni moja: nguvu. Mwenye kinga ana nguvu, aliyepungukiwa aongezewe. Ndiyo maana huwezi kupita stendi wala soko la Mbuyuni usimkute mtu ameshika chupa ya maji ya kijani, anakuambia vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, kinga inapanda.

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya maabara miaka 27. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nahesabu seli za kinga katika damu za watu wa mkoa huu. Niliyoyaona hayafanani na maneno ya ile chupa. Kinga ni utambuzi. Kabla ya kupiga, kinga inatambua. Ikitambua vibaya, nguvu zote ilizo nazo hazikufai kitu, na wakati mwingine zinakugeukia wewe mwenyewe. Leo nataka tuzungumze juu ya seli zinazofanya kazi hiyo ya kutambua. Zinaitwa seli T.

Mnazijua tayari, ila mmezizoea kwa jina lingine. Nani humu hajawahi kusikia, "CD4 zake zimeshuka"? CD4 ni seli T. Ni kundi moja katika ukoo wa seli T, na nitaanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifundisha mengine yote.

Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini kwetu. Tukaanza kupokea damu nyingi za kuhesabu. Inakuja kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau. Unaichanganya na rangi inayonata kwenye CD4, unasubiri, kisha mashine inazipitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza, kama ng'ombe wanavyopitishwa kwenye josho, mmoja nyuma ya mwingine. Mtu mzima mwenye afya ana CD4 kama 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu, tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Zikishuka chini ya 200, mtu huyo yuko hatarini.

Siku moja akaja mama kutoka Kibosho. Kanga aliifunga kiunoni bila kuikaza, maana ubavuni alikuwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayouma. Wazee mnaukumbuka mkanda wa jeshi wa miaka ile, na mnakumbuka jinsi watu walivyonong'ona wakimwona nao mtu. Nikapitisha damu yake. Mashine ikaandika 38. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Ikaandika 41.

Mkanda ule ulitoka wapi? Ulikuwamo. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga aliyougua utotoni. Tetekuwanga ilipona, ngozi ikasafika, lakini kirusi hakikuondoka. Kilijilaza kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Na kwa miaka yote ile seli T zilikuwa zinakilinda kisiinuke. Walinzi walipopungua, kikaamka.

Sasa nisikilizeni hapa. Yule mama hakuwa amekosa seli za kuua. Zilikuwapo. Kuna seli T nyingine, zinaitwa CD8, ambazo kazi yake hasa ni kuua seli zilizoingiliwa. CD4 kazi yake kubwa ni kupiga yowe. Kule kwetu mlimani, yowe likipigwa usiku, kila mwenye panga anatoka. Yowe lisipopigwa je? Mapanga yapo, wenye mapanga wapo, wamelala. Hivyo ndivyo kirusi cha UKIMWI kinavyofanya: hakianzi na wenye mapanga, kinaanza na wapiga yowe. Ndipo fangasi wanaota mdomoni, TB inapanda, uti wa mgongo unavamiwa, na vijidudu ambavyo mimi na wewe tunaishi navyo bila habari vinamlaza mtu kitandani.

Alianza dawa wiki hiyohiyo. Baada ya mwaka akarudi, akasimama dirishani kwangu, akauliza kwa sauti ya chini: "Ziko ngapi leo?" Zilikuwa 294. Dawa ilikuwa haijamwongezea kinga hata chembe moja. Ilikuwa imekifunga kirusi, na seli zake mwenyewe zikapata nafasi ya kuzaana. Siku hizi hatusubiri namba ishuke. Ukipima ukakutwa na virusi, unaanza dawa. Vijana, mmesikia?

Hiyo herufi T mbele ya jina, kwa nini T? Inatoka kwenye jina la tezi iitwayo thimasi. Weka kiganja chako hapa, katikati ya kifua, kwenye mfupa wa kidari. Thimasi iko nyuma yake, juu kidogo ya moyo. Kwa mtoto ni kubwa. Baada ya balehe inasinyaa mwaka hadi mwaka na kugeuka mafuta, na kwa wazee wangu hapa mbele imebaki kidogo sana. Kwa sababu hiyo madaktari wa zamani waliidharau. Waliiona ni tezi iliyomaliza kazi, au isiyokuwa na kazi tangu mwanzo.

Aliyeigundua kazi yake ni daktari kijana, Jacques Miller, mwaka 1961 mjini London. Hakuwa anatafuta habari za kinga. Alikuwa anachunguza saratani ya damu ya panya. Akawatoa thimasi panya waliozaliwa muda mfupi tu. Mwanzo walikua kama wenzao. Kisha wakaanza kukonda na kuugua, wengi wakafa kwa maambukizi. Akafanya jambo lingine: akawabandika waliobaki kipande cha ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Panya wa kawaida hukikataa kipande hicho, kinakauka na kudondoka. Hawa walikipokea. Ngozi ya mgeni ikakaa mgongoni mwao, ikaota manyoya. Mwili ulikuwa umeshindwa kutofautisha changu na cha mwenzangu.

Huko thimasi kunafanyika nini? Hapa nawaomba wana kahawa mnisaidie. Tukishamenya kahawa na kuiosha, inaanikwa kwenye meza za nyavu. Bibi yangu alisimama kwenye meza ile kutwa nzima akichambua: hii imetobolewa na mdudu, nje; hii imevunjika, nje; hii nyeusi, nje. Vidole vyake vilijua kabla ya macho. Thimasi ndiyo meza ile. Seli changa zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, zinasafiri hadi thimasi, na huko zinapimwa mara mbili. Kwanza: unaweza kusoma alama za mwili huu? Usipoweza, huna kazi, unakufa. Pili: unauchukia mwili huu? Ukiushambulia, unakufa vilevile. Bibi alikuwa akitupa kiganja kimoja katika debe. Thimasi inatupa karibu debe zima. Katika seli 100 zinazoingia, hazifiki 5 zinazotoka zikiwa hai.

Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilisimulia. Mwili unatengeneza seli nyingi namna ile na kuziua karibu zote, kwa sababu ya kuogopa kosa moja tu: kujipiga wenyewe.

Na hilo kosa linatokea? Linatokea. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 11. Akaanza kunywa maji usiku, anaamka kukojoa mara nne, mara tano, na mwili unaisha. Nyumbani wakasema minyoo, mara wakasema kinga imeshuka, wakamnunulia chupa. Alipofika hospitali alikuwa hajitambui, sukari imepita kipimo. Ni kisukari aina ya kwanza. Seli T zake zilikuwa zimeziingia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Je, mtoto yule alipungukiwa kinga? Hapana, mama zangu. Kinga yake ilikuwa kali. Ilichokosa ni utambuzi. Yu hai, anajichoma insulini kila siku, na mwaka huu anamaliza kidato cha nne. Lakini zile wiki tulizopoteza na chupa, mpaka leo zinaniuma.

Kwa kuwa thimasi haikamati kila kosa, mwili una seli T nyingine za kutuliza wenzao. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995 wakati wengi hawakuziamini, na mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakapewa Nobeli ya tiba kwa kazi hiyo. Katika kila boma pana mzee anayesema, "Jamani, huyu ni wetu, shusheni fimbo." Na ndani ya mwili yumo.

Nimesema utambuzi, utambuzi. Unafanyikaje? Kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea kwenye damu, zinakamata kijidudu kikiwa nje. Lakini kirusi kikishaingia ndani ya seli kimejificha, hazikioni. Seli T ndiyo inayokwenda hodi mlango kwa mlango. Mnapita Mbuyuni asubuhi: kila mama ametandika mkeka mbele yake, amepanga ndizi, nyanya, karanga, kidogo kidogo ili mpita njia ajue ana nini. Seli za mwili wako zinafanya hivyohivyo. Kila seli inachukua vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuvipanga nje, juu ya ngozi yake. Seli T inapita, inagusa. Hiki cha nyumbani. Hiki cha nyumbani. Hiki... hiki si chetu! Ikiwa ni CD8, inajibana na seli ile, inatoboa ukuta wake na kupenyeza vimeng'enya vinavyoiamuru ijiue. Seli inajisambaratisha vipande vidogo, pamoja na mtambo ambao kirusi kilikuwa kinautumia. Kisha CD8 inajibandua na kwenda mlango wa pili.

Kila seli T imezaliwa na uwezo wa kutambua kitu kimoja tu au vichache vinavyofanana nacho. Kwa kijidudu kipya kabisa, wenye kukitambua mwilini mwako ni wachache mno. Lazima kwanza wapatikane, halafu wazaane, na hiyo inachukua siku. Mtoto akijikata mguuni shambani, kidonda kikaingia uchafu, baada ya siku mbili tatu anachechemea na mtoki kwenye kinena. Tunaukanda mtoki kwa maji ya moto kana kwamba ndio ugonjwa. Mtoki ni kituo. Seli T na wenzao wamekusanyika pale, wanapewa habari za kidonda na kuzaana kwa maelfu. Tibu kidonda.

Vita ikiisha, nyingi zinakufa na chache zinabaki kama kumbukumbu. Safari ya pili hazichelewi. Chanjo inatumia kumbukumbu hiyo: inautambulisha mwili sura ya adui kabla adui hajaja. Angalieni mkono wako karibu na bega, lile kovu dogo. Hiyo ni BCG, ilianza kutumika mwaka 1921, na inawakinga hasa watoto wadogo dhidi ya TB ile kali ya ubongo na ya kusambaa mwili mzima.

Tukiwa kwenye TB, wazee mnaijua Kibong'oto, kule Siha, iliyoanza mwaka 1926 kulaza wagonjwa wa kifua. Kijidudu cha TB kina ujanja wa ajabu. Kinamezwa na seli kubwa za mapafu, na badala ya kufa kinaishi tumboni mwake. CD4 ikifika inaichochea seli ile immalize aliyemo ndani, na kama haiwezekani, seli zinajipanga duara kuzunguka kijidudu, zinakifungia humo kwa miaka. Karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa TB namna hii, na walio wengi hawataugua kamwe. Ukuta wa seli T umesimama. Je, mmewahi kupimwa kile kipimo cha kuchomwa kidogo ngozini mkononi, ukaambiwa urudi baada ya siku mbili au tatu? Watu wanauliza kwa nini wasijibiwe palepale. Kwa sababu tunazisubiri seli T. Uvimbe ule mgumu ni zenyewe, zimekumbuka, zimekuja.

Sasa saratani. Najua wapo humu walioinuka kitandani na mgonjwa leo asubuhi ili waje hapa, kwa hiyo nitasema taratibu.

Seli ya saratani ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika. Hicho ndicho kinachoifanya iwe ngumu. Mkeka wake una vitu vingi vya kawaida na vichache vilivyogeuka. Seli T mara nyingi zinavitambua hivyo vichache, na zipo zinazoingia hadi katikati ya uvimbe. Wataalamu walizikuta humo kwa miaka mingi wakajiuliza: zimefika, zimetambua, mbona hazifanyi kazi?

Ukiteremka na Hiace kutoka Marangu kuja mjini, ni nini kinachokufikisha salama? Breki. Seli T nazo zina breki, ni vile vifaa vya kuzizuia zisipitilize. Saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo. Inamwekea mguu seli T, na seli T inasimama palepale, injini inanguruma. James Allison wa Marekani akachukua breki moja, Tasuku Honjo wa Japani akachukua nyingine, wakaonyesha kwamba ukimwondolea saratani mguu kwenye breki, seli T inafanya kazi iliyokuwa imeijia. Walipata Nobeli mwaka 2018. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 2015 alikutwa na saratani ya ngozi imefika hadi kwenye ubongo, naye akiwa na zaidi ya miaka 90. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, akapewa dawa ya kuachia breki. Aliishi hadi Desemba 2024, akafa ana miaka 100.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2012, huko Philadelphia, binti wa miaka 6 alikuwa na saratani ya damu iliyorudi na kurudi. Wakachukua seli T zake mwenyewe, wakazitia jeni ya kipokezi kipya cha kutambua saratani ile, wakamrudishia. Zilifanya kazi kwa ukali uliokaribia kumuua. Homa ilipanda akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kilichomwokoa ni dawa inayotumika kwa baridi yabisi, iliyotuliza ule moto. Alipona, na leo ni msichana mkubwa. Mnaona tena? Ukali bila kiasi nao unaua.

Ningewadanganya nikisema dawa hizi ziko dukani kwetu. Tiba ile ya seli ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Nani hapa? Hata kikundi chetu chote tukivunja sanduku? Hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, tunayo huduma ya saratani, na wenzetu pale wanafanya kazi kubwa kwa upasuaji na dawa walizo nazo. Mie ninachotaka ni tusifike huko kwa saratani ambayo tungeweza kuizuia. Na ipo moja.

Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Wengi wetu tulioolewa tumewahi kukutana nacho bila kujua. Kwa walio wengi, seli T zinapita hodi, zinakitambua, na ndani ya mwaka mmoja au miwili kimekwisha. Kwa wachache kinabaki, miaka 10, miaka 20, mpaka seli zinaharibika. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hatari yake ni kama mara sita ya mwenzake, na sasa mnajua kwa nini: wapiga yowe wamepungua.

Chanjo yake ilianza kutolewa kwa majaribio hapa hapa Kilimanjaro mwaka 2014, kabla ya mikoa mingine. Mwaka 2018 ikaenda nchi nzima, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inafanya kazi hasa kwa kingamwili, lakini kingamwili hizo hazitengenezwi vizuri bila CD4 kupiga yowe. Nimesikia maneno kwamba inafunga uzazi. Baba zangu, nimewachanjia binti zangu wawili. Mmoja ana mtoto, mmezoea kumwona ananisumbua kwenye ibada.

Na sisi tuliopita umri wa chanjo? Kuna kipimo. Muuguzi anapaka siki iliyochanganywa na maji kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anatazama. Sehemu iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe. Ikionekana mapema inatibiwa kabla haijawa saratani. Hakuna kupasuliwa, hakuna kulazwa, na majibu unapewa hapo hapo.

Nimemwomba muuguzi aje leo. Yuko kwenye chumba cha pembeni, kile chenye pazia la bluu, na atakaa hadi saa kumi. Wa kupima virusi vya UKIMWI wako kwenye veranda, upande wa mnazi. Akina baba, foleni ya veranda ni yenu pia. Mama zangu, mimi nilipima mwezi uliopita, kwa hiyo sitawaongoza kwa kuingia. Nitakaa mlangoni niwashikie mikoba na watoto. Nani anaanza?